Ugumu wa aina tatu kwenye mfarishi mmoja

Wifi yangu alinitumia picha ya mshono kabla hata ya salamu, nikajua hali si nzuri. Vipande viwili vya pamba, kimoja cha buluu chenye majani meupe na kingine cha njano chenye maua madogo, vimeungwa kwa mshono uliovuta kama mdomo wa mfuko wa kamba. Chini yake ameandika: "Wifi, hivi vitambaa ni vikavu kama karatasi. Nimeshavunja sindano mbili. Nivifue, nivichemshe, au niviache?"

Swali lake lilikuwa na kosa ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Alisema "hivi vitambaa", kwa wingi, kana kwamba vyote vinaumwa ugonjwa mmoja.

Alikuwa anashona mfarishi wa kitanda cha mtoto: miraba 42, sita kwa saba, kila mmoja sentimita 16 ukishashonwa. Alikata sentimita 17.2 ili kila upande ubaki na milimita 6 za mshono. Hesabu haikuwa na dosari. Vitambaa vilikuwa vitatu, vyote pamba tupu, vyote vipya, na hakuna hata kimoja alichokifua kabla ya kukata. Cha njano na cha buluu nimeshavitaja. Cha tatu kilikuwa batiki ya kijani kibichi, ile inayochapwa kwa nta kisha kutiwa rangi. Alikuwa ameshaunga safu tatu, yaani miraba 18, ndipo akakwama. Nia yake ilikuwa akimaliza kuunga, apige bandi ndogondogo za mkono juu ya mfarishi mzima, kupitia matabaka yote matatu: sehemu ya juu, pamba ya ndani na mgongo.

Nikamwambia alete kila kitu: safu zilizoshonwa, vitambaa vilivyobaki, uzi, na zile sindano zilizovunjika. Alicheka kuhusu sindano, lakini sindano mbovu ni ushahidi, na watu huitupa mapema mno.

Vilivyokuwa mezani

Sindano zote mbili zilikuwa namba 90. Moja imekatika karibu na tundu, nyingine ncha imejikunja. Ukiipitisha juu ya ukucha inakwaruza. Ya tatu ilikuwa bado iko kwenye cherehani yake, akaichomoa mbele yangu. Hiyo ilikuwa nzima, ila kwenye ule mfereji unaopita uzi palikuwa na utando wa kijivu, unaonata. Nikaufuta kwa kidole, nikaiweka pembeni, nikaendelea na mengine. Baadaye nilijilaumu, maana jibu la nusu ya kisa hiki lilikuwa kwenye kidole changu.

Mishono yenyewe ilikuwa na matatizo mawili yaliyochanganyika. Sehemu nyingine cherehani ilikuwa imeruka: hatua moja ndefu, mbili za kawaida, kisha ndefu tena. Sehemu nyingine haikuruka kabisa, hatua zote zimelingana, lakini kitambaa kimejikusanya pande zote mbili za mshono na pasi haikinyooshi. Palipokuwa na kijani ndipo palipovuta zaidi. Palipokuwa na buluu ndipo uzi uliporuka zaidi.

Na buluu ilikuwa na aibu yake ya ziada. Kuna mshono mmoja aliufumua na kuurudia milimita 3 ndani zaidi. Mahali pa mshono wa kwanza palibaki mstari wa vitone vyeupe, kama mtu amechovya sindano kwenye chokaa na kugusagusa. Vitone hivyo havikuziba kwa kukwaruza na ukucha wala kwa pasi ya mvuke.

Njano nayo ilikuwa imefanya lake. Miraba ya njano iliyokuwa bado haijashonwa ilikuwa sentimita 17.2 kamili kwenye rula. Ile iliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi ya mvuke ilikuwa 16.9. Kitambaa kilikuwa kimerudi chini ya pasi, yeye akidhani mkono wake ndio uliokosea kukata.

Kabla hajaja kwangu alikuwa ameshapewa ushauri wa aina tatu: siki, chumvi, na kilainishi cha nguo. Siki inasaidia kuondoa masalia ya sabuni na chokaa ya maji magumu. Si dawa ya kutegemea kwa wanga. Chumvi ina kazi yake wakati kitambaa kinatiwa rangi, si baada ya hapo, na haifungi rangi inayochuja. Kilainishi kinapaka utando juu ya nyuzi zilizoko. Kama kinachofanya kitambaa kiwe kigumu bado kiko ndani, utapata kitambaa kigumu kinachoteleza.

Kosa langu

Nilichukua kona ya njano, nikaisugua masikioni, ikalia kama karatasi ya kufungia zawadi. Nikasema bila kufikiri: "Wanga huo, wifi. Loweka usiku kucha, asubuhi utakuwa na kitambaa kingine."

Nilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Kiwandani, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, hupakwa wanga au gundi ya namna hiyo kabla ya kufumwa, ili zisikatike kwa msuguano wa mtambo. Baadaye huoshwa, kwa kuwa rangi haishiki vizuri juu yake. Lakini mwisho kabisa kitambaa huweza kutiwa wanga mwingine ili kikae vizuri kwenye jora na kionekane kizito mkononi. Wengi wetu tumekutana na huo, na ukishafua mara moja unagundua uzito ulionunua umekwenda na maji.

Basi tukaweka vitambaa vyote vilivyobaki, vitatu, kwenye beseni moja lenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Beseni moja. Naandika hili ili ujue kwamba miaka ya kushona haimzuii mtu kufanya upuuzi.

Asubuhi maji yalikuwa mazito kidogo, yanateleza vidoleni kama maji yaliyooshewa sufuria ya uji. Njano ilitoka imelegea kabisa, laini, na kingo zake zimechakaa nyuzi zikining'inia kwa upana wa kidole. Kona yake moja ilikuwa na kivuli cha kijani, maana batiki ilichuja usiku. Batiki yenyewe ilikuwa imelainika kidogo tu. Na buluu ilikuwa vilevile. Nilipoikamua ikajikunja kwa mikunjo mikali, na kwenye kila mkunjo rangi ikafifia kwa mstari mwembamba.

Wifi hakusema neno. Alinyoosha tu ile buluu juu ya meza, akaitazama, akanitazama.

Kivuli cha kijani kilitoka, kwa bahati. Tulifua njano peke yake mara mbili kwa maji ya moto mengi na sabuni, tena kabla haijakauka. Maji yawe mengi ili rangi iliyoachia ibaki imeelea humo, isirudi kwenye kitambaa. Ingekauka kwanza, au ingepigwa pasi, sidhani kama tungeiokoa.

Kuuliza kila kitambaa peke yake

Baada ya fedheha hiyo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kugusa maji. Wifi alikuwa na vipande vidogo vya kingo alivyokata mwanzo, havijaloweshwa. Tukavipanga vitatu vitatu.

Cha kwanza, kugeuza. Mambo mengi yanajulikana kwa kutazama nyuma ya kitambaa tu. Kijani kilikuwa kijani mbele na nyuma. Huwezi kujua upande upi ni upi. Njano ilikuwa imepauka kidogo upande wa ndani, lakini maua yalionekana. Buluu nyuma ilikuwa karibu nyeupe, na mbele ukipitisha kidole unahisi mpaka kati ya jani na buluu yenyewe, kama ukingo wa stika.

Cha pili, tone la maji. Kwenye njano na kijani lilinywewa. Kwenye buluu lilikaa juu, duara, linang'aa. Nikahesabu hadi 40 ndipo likaanza kulegea. Tone jingine upande wa nyuma wa buluu hiyohiyo likanywewa mara moja. Pamba ilikuwa haina tabu. Kilichokuwa juu yake ndicho kilichokataa maji.

Cha tatu, iodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda. Ikikutana na wanga hugeuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Niliichanganya na maji kidogo, nikadondosha kwenye ukingo wa njano ambao haujafuliwa: papo hapo doa jeusi. Kwenye njano iliyofuliwa: kahawia, ikabaki kahawia. Nyuma ya buluu: kahawia. Kwa kijani haikuwezekana kusoma doa juu ya rangi iliyokolea, kwa hiyo nikatumbukiza kipande chake kwenye kikombe cha maji ya moto, nikakikoroga, nikakitoa, nikatia iodini kwenye maji. Hayakubadilika sana. Nikaandika "hakuna wanga". Dakika chache baadaye wifi akaniita: maji ya kikombe yamepoa na yameanza kuingia weusi hafifu. Nilikuwa nimesahau kwamba rangi ile ya iodini na wanga hupotea kwenye joto na kurudi maji yakipoa. Kijani kilikuwa na wanga, ila kidogo.

Cha nne, kitambaa cheupe. Unasugua mara kumi, kikavu, kisha chenye unyevu. Buluu iliacha alama mara zote mbili. Kijani kiliacha alama kikiwa na unyevu tu. Njano haikuacha kitu.

Na cha tano ni kuhesabu nyuzi kwa kioo cha kukuzia. Pamba ya kawaida ya kushonea mifarishi huwa na nyuzi kama 60 hadi 75 kwa inchi kila upande. Njano na buluu zilikuwa humo. Kijani kilikuwa kimezidi upande wa mtande, nyuzi zimebanana kiasi kwamba ncha ya sindano haioni mahali pa kupita.

Kwa hiyo tulikuwa na njano iliyojaa wanga. Kijani chenye wanga kidogo lakini kilichofumwa kwa kubana. Na buluu iliyochapwa kwa rangi inayokaa juu ya kitambaa. Uchapaji huo unatumia chembe za rangi zisizoyeyuka, zinazoshikwa na gundi ya akriliki na kukaushwa kwa joto la nyuzijoto 150 hivi. Hauwi mgumu kila mara, lakini pale rangi inapofunika eneo kubwa bila kuacha nafasi, unashona kitambaa pamoja na ngozi ya plastiki iliyo juu yake. Pamba iliyotiwa rangi inayoungana na nyuzi zenyewe huwa haina tabia hii. Ngozi ile haiyeyuki kwa sabuni, na ukiilazimisha itavunjika, haitalainika.

Ndipo nikakumbuka ule utando wa kijivu kwenye sindano ya tatu.

Kwa nini cherehani iliruka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hukaza na kulegeza skurubu ya uzi mpaka wanachanganyikiwa, na tatizo halipo huko.

Sindano ikishuka mpaka chini, haikamatwi papo hapo. Inaanza kupanda kama milimita 2 hivi, na kwa kuwa kitambaa kimeubana uzi, uzi unafura upande wa nyuma na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano ya cherehani inapita wakati huohuo na kunasa kitanzi. Sasa chukua sindano nene, butu, yenye gundi inayonata, uichome kwenye ngozi ya plastiki. Ikipanda, haiachii kitambaa, inakiinua. Uzi na kitambaa vinapanda pamoja, kitanzi hakifuri, ndoano inapita hewani. Hiyo ndiyo hatua ndefu uliyoiona.

Tatizo la kijani ni jingine kabisa. Pale hatua hazikuruka. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana hakina nafasi ya kupokea uzi mpya. Kila tundu la sindano linasukuma nyuzi kando, na nyuzi zikikosa pa kwenda zinajikusanya. Ukitaka kuthibitisha, shona kipande kwa hanamu: uvutaji unapungua sana, kwa kuwa mshono haufuati tena mstari mmoja wa nyuzi.

Tulichora mistari ya sentimita 20 kwenye vipande vya kijani tukashona juu yake. Kwa sindano 90, uzi mnene na hatua ya milimita 2, mstari ulitoka sentimita 19.4. Kwa sindano 70 yenye ncha kali, uzi namba 50, hatua ya 2.8 na uzi wa juu uliolegezwa kidogo, ulitoka 19.9. Wifi alipima mara mbili, hakuniamini. (Namba za uzi zinakwenda kinyume: 50 ni mwembamba kuliko 40. Sindano za mashine kubwa ndiyo nene, za mkono kubwa ndiyo ndogo. Aliyepanga haya hakuwa na huruma.)

Tiba

Njano ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyomkera wifi zaidi, maana baada ya kuhangaika kutoa wanga nilimwambia aurudishe. "Wifi, unanitania?"

Sikuwa namtania. Wanga wa kiwandani ulikuwa umeshika kitambaa kabla hakijarudi, kwa hiyo ulificha ufupi wake. Wanga tunaoutia sisi unaingia baada ya kitambaa kurudi, na unatupa ule ukakamavu unaohitajika kukata mraba ulionyooka. Pamba iliyolegea inakimbia chini ya rula. Tukakoroga kijiko kimoja kikubwa cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, tukamimina nusu lita ya maji yanayochemka huku tukikoroga, tukauacha upoe na kuuchuja kwenye chupa ya kupulizia. Unapulizia upande wa nyuma, unasubiri ukauke karibu kabisa, kisha pasi. Ukipiga pasi wanga ungali majimaji unapata magamba meupe na pasi inashika. Wanga huo utatoka mfarishi ukifuliwa. Kitambaa chenye wanga usikiweke kabatini miezi, wadudu wanaupenda.

Kijani tulikifua mara tatu, peke yake, mpaka maji yakatoka safi, kisha tukakitia wanga mwepesi zaidi. Ufumaji wake hatukuwa na la kuufanya.

Kwa buluu tuliacha kabisa kujaribu kuilainisha. Kila tulilofanya baada ya hapo lilikuwa kuipunguzia matundu. Namba ya sindano ni unene wake: 90 ni milimita 0.9, 70 ni 0.7. Mshono wa sentimita 17 kwa hatua ya milimita 2 unatoboa mara 85 hivi. Kwa hatua ya 2.8 ni mara 60. Kwenye pamba ya kawaida nyuzi zinarudi zikaziba, hakuna anayejali. Kwenye ngozi ile kila tundu ni la kudumu. Pini zilipigwa marufuku isipokuwa ndani ya milimita 6 za mshono. Kwingine tulitumia vibanio. Pasi ilipigwa kwa nyuma tu, juu ya kitambaa kikavu, bila mvuke na bila kukaza joto, kwa sababu gundi ile ikipata moto mwingi inashika kwenye pasi. Sindano ilifutwa kwa pamba yenye spiriti kila baada ya safu moja, na kila mara pamba ilitoka na ukijivu. Cherehani ilikwenda polepole, maana mwendo wa kasi unaichemsha sindano na sindano ya moto ndiyo inayoyeyusha gundi. Pia tulibadilisha bamba la chini tukaweka lenye tundu dogo la duara, ili kitambaa kisipate nafasi ya kupigwa juu na chini pamoja na sindano. Hilo bamba peke yake liliondoa karibu hatua zote zilizokuwa zinarukwa.

Je, miraba 18 iliyokwisha kushonwa? Wifi alitaka kuitupa. Vitambaa vya njano na kijani vilikuwepo vya kutosha, lakini buluu haikutosha. Tukafanya hivi: tukafumua kila kitu bila kujali vitone vyeupe, tukalowesha miraba kwenye maji ikiwa imelala, haijakunjwa, tukaianika ikiwa imelala, tukaipiga pasi. Buluu ilirudi kutoka 17.2 hadi 17.0. Njano ilifika 16.7. Kisha tukaikata yote upya kuwa sentimita 15.5. Kingo zilizochakaa zikaenda na takataka, na mstari wa matundu ya mshono wa kwanza nao ukaenda. Ule mstari mwingine, wa milimita 3 ndani zaidi, ulibaki karibu sana na ukingo mpya na ukamezwa na mshono. Mfarishi ukapungua: badala ya sentimita 96 kwa 112, ukawa karibu 86 kwa 100. Kitanda hakikulalamika.

Mishono tuliifungua kwa pasi pande zote mbili badala ya kuilaza upande mmoja. Kwa kawaida mimi hulaza, maana mshono uliolala una nguvu zaidi na pamba ya ndani haipenyi. Lakini kwenye kona zinazokutana miraba minne, vitambaa hivi vikilazwa vinatengeneza kigongo ambacho sindano inakikwepa kwa kuteleza. Vilipofunguliwa, pigo mbili za nyundo ya mbao zilitosha.

Bandi za mkono zilibaki kwenye njano peke yake. Alijaribu kwenye kijani, sindano fupi namba 10 na subana ya chuma, akapata hatua nne kwa dakika na kidole chenye tundu. Kwenye buluu sikumruhusu hata kujaribu. Kwa rangi hizo mbili tulishona kwa mashine ndani ya mfereji wa mshono, kwa mguu ule wenye meno yake unaosukuma tabaka la juu sawa na la chini, bila kukatiza katikati ya mraba. Tabaka la ndani lilikuwa pamba nyembamba, mgongo pamba laini isiyo na chapa, kwa kuwa sehemu ya juu ilikuwa na ukakamavu wa kutosha kwa matabaka yote matatu. Nilihofia kwamba mchanganyiko wa bandi na mashine ungeonekana kama kazi ya watu wawili wasioelewana. Ilionekana hivyo kidogo, ukisogea karibu.

Ulipofuliwa mara ya kwanza, maji baridi, umegeuzwa nje ndani kwa kukunjwa na kushikizwa kingo, wanga wetu ukatoka. Njano ikalala, bandi zikazama, ndiyo sehemu ya mfarishi ambayo mkono unakwenda wenyewe. Kijani kimebaki na uvutaji mdogo kwenye mishono miwili ya safu ya pili, na hautatoka. Buluu bado inalia ukiiminya. Kwenye mkunjo mmoja, ambapo wifi aliukunja mfarishi mara nne na kuuweka chini ya mito usiku mmoja, rangi imeanza kupauka kwa mstari unaopita jani moja katikati. Sasa anauviringisha kama mkeka.